Kikombe Chako Upande wa Pili wa Meza

Chumba namba 9, ghorofa ya tatu,
Nyuma ya kiwanda cha mashati.
Jumapili, tarehe 8 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu na za mwanao. U hali gani? Magoti yako yamekubali baridi ya huko? Umepata godoro jingine, au bado unalala kwenye lile lenye bonde katikati? Sisi wazima. Mara hii siandiki hivyo kwa desturi tu ya barua. Ndiyo habari yenyewe.

Kishindo, mwanangu na mwanao, ametoa jino la sita. Anashika ukuta anatembea, na akianguka jengo zima linajua. Jana alimwita Bi Funguo "mama". Nilikuwa mlangoni nikasikia. Nikacheka, kisha nikaingia jikoni kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Bi Funguo ni jirani aliyehamia chumba namba 7 ulipoondoka wewe, anayetunzia watu funguo. Kila alfajiri namwachia mtoto kwa nusu saa, nikimbie kuuzunguka uwanja wa shule mara sita. Hachoki kunitania: "Unamkimbia nani, binti, na kila siku unarudi palepale?"

Sasa kaa kitako. Ile barua yangu ya mwezi jana, niliyokuandikia kwamba moyo wangu umeshika njia ya moyo wa mama, ichane. Nilikosea, nawe nimekutia hofu bure.

Unakumbuka mwalimu wetu wa michezo? Ukimaliza kukimbia, mwenzako akushike kifundo cha mkono ahesabu mapigo. Mkae dakika tano, ahesabu tena. Alikataza mtu kujihesabu mwenyewe, maana ataongopa. Tangu uhame najihesabu mwenyewe, na mwezi jana mapigo hayakutaka kushuka. Nikisimama tu, mia na sitini. Nikikaa dakika tano, bado mia na ishirini na tano. Naoga, namvalisha mtoto, moyo unagonga kama mgeni asiyefunguliwa. Zamani tulipokimbia pamoja yalishuka chini ya mia, nawe ukanipiga kofi la mgongo: "Umepona!"

Nikamkumbuka mama siku ile kwenye ngazi, beseni la nguo mapajani. "Moyo unakimbia, wanangu, nami nimekaa." Siku tatu baadaye tukamzika. Ndiyo maana uliponijibu kwamba mwisho wa mwezi huu unakuja kumchukua mtoto mpaka nipone, sikubisha. Nilianza kukunja nguo zake. Shemeji yako yuko safarini na lori. Sikumwambia, nisimtie hofu yuko kwenye usukani. Nilizikunja peke yangu.

Bi Funguo ndiye aliyenisukuma zahanati. Tabibu, kijana mpole mwenye kalamu nyuma ya sikio, akanibandika nyaya kifuani, mashine ikachora vilima kwenye karatasi. Akasema moyo wangu mzima kabisa. Sikuridhika, nikamweleza habari za kuhesabu. Ndipo akauliza nakunywa nini nikishakimbia.

"Kahawa."

"Vikombe vingapi?"

"Kimoja."

"Kimoja tu, mama?"

"Changu kimoja. Na cha dada."

"Dada naye anakimbia?"

"Dada hayupo. Alihama."

Akaitoa kalamu sikioni, lakini hakuandika kitu.

Ni lile birika lako. Linachemsha vikombe viwili, basi nami nachemsha viwili. Chako nakiweka upande wako wa meza. Nakunywa changu jasho bado linatiririka, kisha naona chako kinapoa, nakinywa nacho. Miezi minane, Dada. Sikuwahi kuhesabu kwamba hicho cha pili nakunywa mimi.

Tabibu alinieleza polepole, kwa mtu asiyesoma sana kama mimi. Ukikimbia, mwili wote unaamshwa. Ukisimama, kuna mishipa ya fahamu inayoukamata moyo taratibu, mfano wa breki, mpaka utulie. Kahawa ina kitu kinaitwa kafeini. Ukiinywa mwili umetoka mbioni, inaweza kuichelewesha breki ile kukamata, na mwili ukadhani bado uko uwanjani. Si kila mtu. Wengine hawasikii lolote. Lakini mimi nilikunywa ya watu wawili, nzito, tumbo tupu, na tangu mwezi jana, kwa meno ya mtoto, usingizi wangu ni wa vipande vipande. Akanipa wiki mbili: nikimbie, ninywe maji, kahawa nisiiguse.

Siku mbili za kwanza kichwa kiliniuma kama cherehani zote za kiwandani zinashona ndani yake. Nikashona kola juu chini. Msimamizi akaiinua mbele ya wenzangu: "Shati hili ni la popo?" Wakacheka, nami nikacheka, nikafumua.

Siku ya tano nilimpa Bi Funguo mkono wangu. Akahesabu kwa sauti akitazama saa ya ukutani. Alipofika sitini, Kishindo akamnyang'anya funguo, hesabu ikapotea. Kesho yake tukarudia. "Tisini na nane," akasema. "Kumbe hufi leo." Nililia mbele yake bila aibu. Mkono wake una joto, Dada, lakini ananishika kama mtu anayepima uzito wa kuku.

Nikwambie na hili. Moyo ulipotulia, ndipo nikaanza kukisikia chumba. Bomba linadondoka. Kiti chako hakilii tena, maana hakuna anayekivuta. Nilikuwa nasema nakunywa kahawa kwa ajili ya uchovu.

Basi nisikilize, ingawa wewe ndiye mkubwa, na mgongo wako ndio ulionibeba. Mtoto haji huko. Nguo zake nimezirudisha kabatini. Najua umeshamtafutia kitanda, na najua chumba chako nacho kina ukimya wake. Nisamehe kwa hilo. Lakini haondoki, na usinibembeleze. Tiketi uliyokata usiirudishe, njoo nayo hiyohiyo, usije kuchukua, uje kukaa, hata siku nne.

Shangazi anakusalimu, anauliza kama umenenepa. Bi Funguo anakusalimu ingawa hakujui. Kishindo ameilamba karatasi hii pembeni, utaiona alama. Hiyo ndiyo salamu yake kwa Mama Mkubwa. Nami nisalimie yule mwenye nyumba wako asiyecheka. Mungu akulaze salama, akuamshe na magoti yasiyouma.

Siku hizi nakunywa kimoja tu, saa nne, kiwandani. Kikombe chako nimekiosha, nimekifunika na sahani. Hakinywi mtu. Ukija, nitakimbia mizunguko yangu sita, nitakuja nikae, nikunyooshee mkono. Uhesabu. Tukae dakika tano bila kusema kitu, kisha uhesabu tena. Yakishatulia, nitachemsha vya watu wawili.

Wako akupendaye, anayekutunzia kikombe,

Mdogo wako.