Keli, Karachi na Wavu Uliokatwa

Ziwani Titikaka,
9 Februari

Kaka yangu mpenzi Zenobio,

Pokea salamu zangu za mikono miwili. Hujambo huko Arequipa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua, na bado anakutilia sahani ya viazi kila Jumapili.

Mwaka juzi samaki wetu, karachi, walipungua mpaka tukawa tunavua wa urefu wa kidole. Kwenye mkutano wa wavuvi, Fausto akadai mwizi ni yule ndege wa ziwani, keli. "Anazamia, anatumalizia samaki, halafu tumhurumie! Hata kuruka hawezi, mbawa zake za mapambo tu!" Watu wakaangua kicheko. Mama akainuka na magoti yake. "Na wewe Fausto, hicho kichwa nacho ni cha mapambo?"

Akaeleza kwamba karachi hutaga chini ya matete, na keli hujenga kiota kwenye matete hayohayo. Karachi hufa akitolewa majini, keli hufa akizuiwa kuibuka juu kuvuta pumzi, na wavu unaowaua ni mmoja. Tukakubaliana tusivue kwenye matete msimu wa kutaga, na nyavu za macho madogo tukazipiga marufuku. Fausto alinuna mwezi mzima, kisha akaja kuomba zamu ya kulinda matete!

Jana nilihesabu keli kumi na mmoja, na karachi wanajaa kiganja.

Kaka, sasa lililonifanya nishike kalamu. Wavu wako uliokatwa, ukadhani ni rafiki yako Celestino, ukamtukana mbele ya watu, ukahama kwa hasira: aliyeukata ni mimi. Nilikuta keli amekufa maji ndani yake, na pembeni kifaranga kimenasa shingo, bado kinapumua. Nikakata kwa kisu cha jikoni, kikaponyoka. Uliporudi kutoka ziwani ukifoka, niliogopa, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka sita huku nyinyi wawili mkichukiana. Nisamehe.

Jumanne nilimwendea Celestino, nikamweleza yote. Akasema, "Yaani nimenuniwa miaka sita kwa ajili ya kifaranga?" Akacheka mpaka akajifuta macho. Anasema uje, mtumbwi wake hauna mtu wa kasia la pili.

Najua utanikasirikia. Ukali wako usiutume kwa barua, uulete mwenyewe. Mama anakubusu, nami nawasalimu wote nyumbani kwako.

Mdogo wako,
Herminia