Neno la Mzungu wa Sarakasi

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Uji, kengele, madaftari ya Darasa la Tatu. Kaka Lugembe kapita shuleni na kapu lake la nyoka, watoto wote madirishani. Mzungu wa sarakasi, aliyeshuka na treni juzi, anamtaka acheze Jumamosi. Kaniletea tangazo nilitie Kiswahili. Neno moja limenishinda: death-defying. Kifo nakijua. Kipande cha pili sikijui.

Jumanne, 7 Agosti
Nimemwuliza Padre. Ni kukaidi, kasema, kumtunishia mtu kifua. Zamani lilikuwa zito zaidi: kuvunja ahadi ya kuaminiana, kumtangazia mwenzio kwamba sasa ni vita. Nimeandika, "Mtu Anayekitunishia Kifo Kifua." Upuuzi. Kaka anakiogopa kifo, ndiyo maana yu hai.

Alhamisi, 9 Agosti
Nina hasira. Mzungu hamtaki Mzee Maganga, mwenzake Kaka, uwanjani. Wacheza nyoka hawachezi peke yao. Mmoja anacheza, mwenzake anakaa karibu, dawa ya sumu mkononi. Ndivyo walivyofundwa. Mzungu anasema watu wakimwona mzee na dawa yake, hatari iko wapi? Nimekwenda nyumbani Kwihara kumsihi Kaka akatae.

"Mdogo wangu, hawa nyoka wamenizoea."

"Nyoka hamzoei mtu. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Kacheka. Vijana wa mtaa wa Kanyenye wanamwita kwa jina nililoliandika kwenye tangazo, naye anageuka. Ameanza kulipenda.

Jumamosi, 11 Agosti
Kaumwa. Swila, kwenye kifundo cha mkono. Watu walipiga makofi wakidhani ndio mchezo wenyewe. Mzee Maganga alikuwa nyuma ya kamba, anapiga kelele apishwe. Mlinzi wa sarakasi akamzuia, eti hana tiketi. Alipofika, ulimi wa Kaka ulikuwa umeshakuwa mzito. Namchukia yule Mzungu. Mungu anisamehe.

Jumapili
Kaka amefariki. Siwezi kuandika.

Alhamisi, 16 Agosti
Matanga yamekwisha. Sarakasi imeondoka na treni ya Kigoma. Mzee Maganga haongei na mtu.

Jioni Mama kaniita jikoni. Kasikia watu wakisema kuna neno la Kizungu lililomwua mwanawe, anataka nimwambie maana yake kwa Kinyamwezi. Nimelitafuta. Kukaidi, kifua, vita, vyote havikufaa. Mwishowe nimemwambia maana yake ni kwamba walimtaka awe peke yake.

Kaniuliza, "Nanyi mliokuwepo mkakubali?"

Nimechochea moto, tukapika ugali wa watu wawili.