Boksi Chini ya Kiti cha Mlinzi

Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Maktaba imejaa matangazo mapya. Mzigo usio na mwenyewe utaondolewa! Kokila, bosi wetu, kayabandika mpaka chooni. Sasa kila saa mmoja wetu azunguke – chini ya meza, nyuma ya rafu, vyooni – halafu atie tiki na sahihi kwenye rejista. Asubuhi ni zamu yangu. Tangu mabomu ya Julai kwenye treni za mji huu wa ugenini, situlii. Nikiona begi peke yake nahesabu hatua mpaka mlangoni.

Godlisten, mlinzi wa mlangoni, kanicheka. Dada Siham, utainama mpaka mgongo ukatike! Yeye mtu wa Moshi, kaletwa na kampuni ya ulinzi, hana haraka na dunia. Mimi ninayo. Mkataba wangu wa muda unakwisha mwezi huu, na Kokila ndiye atakayesema nibaki au niende.

Jumatano, 5 Oktoba

Ramadhani mosi. Kichwa kinagonga kwa kukosa chai.

Suhaib, jirani yetu wa nyumbani, kapiga simu. Anasafiri Ijumaa jioni, anafika mpaka Pemba, anaweza kumchukulia mama mzigo. Nikakaa kushona mpaka sindano ikanichoma: boksi, juu yake shuka nyeupe, uzi mnene, kama tunavyofunga sote. Ndani mna mashine ya kupimia presha, na nguo za Idi za watoto wa dada. Mama juzi kaanguka msalani. Mashine lazima iende!

Nikamuuliza tukutane wapi. "Liache hapo mlangoni kazini kwako, mie nipite na gari nilichukue. Si mna mlinzi?"

Kweli. Nani asiyefanya hivyo? Tunaachiana mizigo dukani, kwa kinyozi, msikitini. Jina sikuandika. Suhaib analijua.

Ijumaa, 7 Oktoba

Niandike kwa mpango.

Asubuhi nilimpa Godlisten boksi. Kalitazama, kanitazama. "Dada, na haya matangazo je?" Nikamwambia la mama, saa nne linachukuliwa. Akalisukuma chini ya kiti chake. Saa nne nikazunguka. Nikaliona – nikatia tiki! Hakuna mzigo usio na mwenyewe. Mwenyewe si mimi hapa?

Suhaib kakwama kwenye foleni Wembley. Godlisten kaenda kunywa chai, Avtar wa kaunta akamshikia zamu mlangoni. Hakuna aliyemwambia kitu. Kakuta kiti kitupu na boksi limeshonwa, halina jina. Kabonyeza kengele. Simlaumu.

Watu hamsini nje, mvua inatunyeshea. Na aliyeshika orodha kuwahesabu ni mimi! Wataalamu wa polisi wakalichana boksi, wakaona mpira na betri, wakatusogeza mpaka ng'ambo ya barabara. Mashine ya mama! Nilitaka kupiga kelele. Mdomo ukagoma. Mwanamke wa mtandio, mwezi wa Ramadhani, boksi lenye waya – niliogopa, basi. Nikajiambia, dakika moja tu, nitasema. Ikapita. Iliyofuata ikawa ngumu zaidi.

Godlisten akarudi mbio. Akanitafuta kwa macho, akaniona. Akamwendea polisi. "Mzigo ni wangu," akamwambia, "nilisahau."

Nami nikaendelea kuhesabu watu kwenye orodha.

Jumamosi, 8 Oktoba

Suhaib kaondoka mikono mitupu.

Godlisten kasimamishwa. Kampuni itaamua Jumatatu. Nimempigia, nikaanza kulia. "Wewe wangekuweka ndani kwanza, ndipo waulize," kasema. "Tulia, dada. Nitapata mlango mwingine." Leseni ya ulinzi ikichukuliwa, mlango gani?

Mama naye kapiga. Mashine imeshapanda ndege? Nikasema ndiyo, mama. Nimefunga na ninaongopa!

Jumatatu, 10 Oktoba

Chumba cha chai. Saa tano kasoro dakika kumi.

Kokila aliniita tulipofungua tu. Akafunga mlango – hapo ndipo huongea Kiswahili, kazaliwa Mwanza. Boksi liko mezani, shuka imechanika. Kazitoa nguo za watoto moja moja, kazikunjua. Pembeni rejista, imefunguliwa kwenye tiki yangu ya saa nne.

"Siham, Godlisten kila Jumapili yuko kanisani. Tangu lini anapeleka nguo za Idi?"

Nikatazama zulia.

"Mama yangu alikuwa anashona mizigo hivi hivi, tukipeleka kwa shangazi Bukoba." Kidole chake kikapita juu ya uzi, taratibu. Hakukasirika. Bora angekasirika! Kanipa fomu ya maelezo. Saa tano kampuni ya Godlisten itampigia Kokila. Atakachokuta kwenye fomu ndicho atakachowaambia. Kama ni tupu, basi maneno ya Godlisten yanabaki yalivyo.

Nimeandika jina langu. Tarehe. Nimeandika "Boksi ni" – halafu nikalitoa daftari hili mkobani. Kwa nini? Sijui. Kazi hii naitaka. Mama ananitegemea. Godlisten naye ana mama mgonjwa, huko Moshi, hajaniambia anaumwa nini, nami sijawahi kuuliza. Naona haya. Naogopa. Nimesimama, nimekaa, nimesimama tena.

Kioo cha mlango kinamwonyesha Kokila mezani kwake. Simu yake inalia. Haipokei. Ananiangalia mimi.

Inaendelea kulia. Fomu iko hapa, chini ya kiwiko. Kalamu ninayo hii moja tu – na muda wote ninaoandika huku daftarini, kule kwenye fomu siandiki