Simu Imesema Mchumba Wangu Ni Binamu

Mpendwa Shangazi Witness, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijachanganyikiwa, mimi ni mkulima wa mboga huku Mgeta, na dada yangu anayeishi ng'ambo alipokuja likizo alitutemesha mate kwenye vichupa, mimi na mchumba wangu Judith, akaenda kuyapimisha vinasaba, na sasa majibu ya wote wawili yameingia kwenye simu yangu, na mwanzoni nilicheka sana maana yanasema eti kwa asili yangu sipendi giligilani, wakati giligilani ndiyo inayonilisha, ila kuendelea kusoma nikakuta mimi na Judith ni mabinamu wa mbali kwa upande wa baba zetu! Shangazi, wazee walishaulizana koo wakaridhika, tangazo la mwisho la ndoa linasomwa kanisani Jumapili hii, na Judith nimemdanganya kwamba majibu bado. Mengine ni ya kidaktari tu, kwamba wote tumebeba vinasaba vya selimundu, ule ugonjwa wa damu, lakini hatuumwi. Je, nivunje uchumba?

Fidelis

Marahaba, Fidelis. Pole, sasa kaa chini nikugombeze. Wewe Mluguru mzima umesahau kwamba ukoo unaupata kwa mama, si kwa baba? Wazee walishalimaliza hilo. Mkitemeshwa mate kijiji kizima, nusu ya kwaya watakuwa binamu zako. Hilo licheke, uliache.

Kilichonikasirisha ni lile uliloliruka. Ninyi hamuumwi, sawa, lakini kila mtoto mtakayempata anaweza kurithi selimundu kwako na kwa Judith pia, na huyo ataumwa kweli. Nimemlea mtoto wa mdogo wangu mwenye ugonjwa huo, nimemshika akilia kwa maumivu ya mifupa, na bado roho inaniuma. Wewe umekazana na giligilani!

Halafu majibu ya Judith umeyaficha kwa ruhusa ya nani? Weka jembe chini, nenda kwao leo, msalimie mama mkwe vizuri, kisha mwonyeshe Judith yote. Kesho shukeni mjini hospitali mkapime damu kuhakikisha, mzungumze na daktari kuhusu watoto, halafu muamue wawili. Wapo waliojua wakaoana, wapo waliojua wakaachana kwa heshima. Mimi siwaamulii.

Jumapili padri atauliza kama kuna anayejua kizuizi, na Judith atakuwa amekaa pale anatabasamu. Usimwache atabasamu bila kujua.