Fundi Aliyempa Mwandishi Joto

Gleb, Timofei kafukuzwa kwa Lavrenti Kuzmich. Kosa lake ni kumtengenezea mzee joto!

Ametoka huko sasa hivi, yuko hapa kwangu.

Si unamjua yule mwandishi mkubwa wa ghorofa ya tano, mgonjwa wa kifua tangu alipofungwa Siberia? Mkewe Zinaida ndiye aliyemsihi Timofei azibue bomba la kupasha chumba joto. Kazibua, chumba kikawa kama bafu ya mvuke.

Leo kapita akitarajia chai na shukrani. Mzee kamkamata ukosi! "Umeniua, fundi! Wiki tatu sijaandika cha maana!"

"Lakini hukohoi tena, mzee wangu."

"Ndiyo msiba wenyewe!"

Umesikia? Ndiyo msiba wenyewe!

Kumbe zile sura fupi fupi za vitabu vyake ambazo maprofesa wanaziita ufundi ni kikohozi tu, Gleb. Alikuwa anaandika mpaka kifua kimbane au vidole vife ganzi kwa baridi, anaweka nukta. Sasa kuna joto, sentensi moja imejaza kurasa nne na bado inatambaa.

"Hiki ndicho kitabu changu cha mwisho," akalia. "Nitakufa na afya yangu, na hakijaisha!"

Zinaida akafoka, "Heri kife hicho kuliko wewe!"

Mzee akanyanyua kigoda, paa, dirishani! Theluji ikaingia mpaka mezani. Akaketi, akakohoa, akaandika ukurasa mzima, Timofei kasimama kofia mkononi mpaka alipofukuzwa.

Hasara: kioo kimoja, kigoda kimoja, wiki tatu za kazi, na mke wa miaka arobaini, aliyefunga virago akaenda kwa dada yake.