Viazi vya Moto, Stesheni ya Tunduma

Dada Mwanasiti, shikamoo.

Nakuandikia nikisubiri treni, nimejifunika kikoi mpaka masikioni, maana baridi ya huku si ya watu wa Pwani. Tunduma hii iko mpakani, na ng'ambo yake ni Nakonde, upande wa Zambia. Miji yenyewe imekaribiana kama hapo kwako Horohoro na kwetu Lunga Lunga, upande wa Kenya.

Kwenye benchi langu walikaa mabibi wawili, ndugu wa tumbo moja. Mkubwa ameolewa huku, na leo anakwenda Dar kutibiwa. Mdogo ametoka Nakonde alfajiri kwa miguu, na viazi vitamu vya moto ndani ya kitenge, ili dada yake asisafiri na njaa. Nilimuuliza kama mpakani hawakumsumbua. Akaniangalia kama nimeuliza jambo la kitoto.

"Mpaka ni wa malori," akasema. "Mimi nilikuwa nakuja kwa dada yangu."

Akanipa kiazi kimoja. Nilikila, kisha nikatoa karatasi nikuandikie.

Tangu tugombee minazi aliyotuachia mama sijavuka kuja kwako. Na safari hii, basi liliposimama Horohoro tugongewe pasipoti, nilikuona, dada. Ulikuwa unafagia uani, umejifunga leso ya mama. Nilirudi garini nikavuta pazia.

Mungu akuweke na afya, wewe na watoto. Kurudi nitapita njia hiyohiyo. Nitashuka na mzigo wangu, na basi liende zake.

Mdogo wako,
Bakari