Baba Bukuru, Njia ya Kasulu Inapitaje Ulaya?

Mume wangu, Baba Bukuru,

Sitakuuliza hali, maana hali yako naijua: mzima wa mwili, umekwama. Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, maharage yametoa maua, na pacha wako wote wawili nimewanyoa vipara kwa sababu ya mapunye, kwa hiyo picha ikikufikia usishtuke.

Nakuandikia wazi, gazetini, asome anayetaka. Barua za bahasha zimenichosha. Ile yako ya mwisho karani wa posta aliigeuza nyuma akanionyesha mhuri, kumbe imezungukia Ulaya. Akaniambia, "Mama, barua ya bwana wako imetembea kuliko sisi wote hapa." Nikacheka naye. Lakini nilipokuwa narudi kijijini kwetu Nyakitonto kicheko kiliniishia njiani. Karatasi imepita Ulaya bila kuulizwa kitu, aliyeiandika amekatazwa kupita. Ndipo nikasema hii nyingine naiweka hapa. Wewe nakuandikia kama mume wangu, ila yamo humu maneno kwa wale wakubwa wa mashirika ya ndege, na wao wakiyasoma nitashukuru.

Unakumbuka tulivyokwenda Kibondo? Mimba ilikuwa ndogo, hatujui kama ni wawili. Wakimbizi wa Burundi walikuwa wanaingia kwa wingi, na ndege ndogo za misaada zinatua kila mara. Mlinzi wa kiwanja alikuwa anapanda baiskeli na kupuliza filimbi, anafukuza mbuzi ndipo ndege ishuke. Wewe wakati huo fundi wa mashine ya kusaga tu, nguo ina unga juu na grisi chini. Rubani mmoja gurudumu lilimsumbua, ukaenda kumshikia jeki. Uliporudi pale nilipokaa na kikapu chetu ulisema, "Anasta, kile kitu ni mashine tu. Kina mabawa, lakini ni mashine."

Nikakujibu, "Haya, ila usije ukapanda ukaniacha na unga."

Ulicheka mpaka mlinzi akageuka kututazama. Sasa hivi ningeweza kuyarudisha maneno yale mdomoni, ningeyarudisha.

Ukapata kazi Dar es Salaam kwenye shirika la ndege. Ukaanza kwa kuosha vyuma, ukapanda mpaka kushika spana. Halafu ile likizo ukaja na habari, tukiwa kibarazani kwa baba yako tunamenya mihogo, pacha wanatambaa juu ya maganda. Ukasema mashirika ya ndege ya Afrika yana umoja wao, ushirika, na yamekubaliana mafundi wa huyu wakasome kwa yule, vipuri waazimane, na tiketi ya huyu ipokelewe na yule. Ukasema na wewe umechaguliwa kwenda kusoma nchi ya mbali, Afrika Magharibi, wanakosema Kifaransa.

Baba mkwe aliposikia neno ushirika akaweka kisu chini. "Ushirika? Kama ule wa kahawa?"

"Hapana, baba. Huu ni wa ndege."

"Ni ule ule. Kahawa tulipeleka, ikakaa ghalani, kila tukienda tunaambiwa wakubwa wako mkutanoni. Na ndege zenu zitakaa ghalani."

Mimi nilijificha uso kwa khanga nisicheke mbele yake. Wewe hukukasirika. Ulisema, "Baba, achana na kahawa. Fikiria machela."

Pale baba mkwe akaitikia kwa kichwa polepole, maana machela anaijua, na mimi ndiyo iliyoniokoa. Uchungu uliponishika na watoto hawatoki, wanaume wa kwetu walinilaza kwenye machela wakanibeba mabegani kwenda hospitali Kasulu. Walipofika mwisho wa kijiji, wenzao wa kijiji cha pili walikuwa wamesimama tayari, wakapokea mti wa machela wakaendelea. Na wale wakanikabidhi kwa wengine. Hakuna aliyeuliza huyu mke wa nani. Hakuna kijiji kilichosema mgonjwa ni wetu, hampiti naye hapa. Nilikuwa nasikia mabega yanabadilika tu chini yangu, na mimi sikushushwa chini hata mara moja.

"Ndivyo ndege zitakavyofanya," ukamwambia baba yako. "Huyu anamfikisha mtu mwisho wa kwake, yule anampokea. Mwafrika atatoka pembe hii mpaka pembe ile bila kuguswa na tope."

Nilikupenda sana siku ile, Baba Bukuru. Niliamini kila neno. Ndiyo maana nimeumia hivi.

Maana masomo umemaliza, umefaulu, na mimi nikaitwa posta Kasulu kupokea simu yako. Nilivaa kitenge kipya kama vile utaniona.

"Mama Bukuru, nimemaliza. Ila ndege hakuna."

"Hakuna vipi, na wewe unakaa uwanja wa ndege?"

"Ndege zipo. Ruhusa ndiyo hakuna. Nchi ya huku na nchi ya katikati, tunapobadilishia ndege, zimenyimana kutua. Huyu kampunguzia mwenzake siku za kutua, mwenzake kakasirika, kafunga kabisa."

"Na ule umoja wenu unasemaje?"

Nikasikia waya unavuma, kisha ukasema, "Umoja umesikitika."

Kusikitika. Mimi nasikitika bure, hakuna anayenilipia chumba cha mkutano. Juzi nimesikia redioni wamekutana tena, wakubwa wa mashirika na mawaziri, wamekubaliana kuimarisha ushirikiano. Mtangazaji akasoma vizuri kabisa. Nikangoja aseme lini watafungua ile njia. Akasema wamekubaliana kukutana tena mwakani, kisha akaingia kwenye bei ya mazao. Baba mkwe alikuwa amekaa pembeni ya redio. Hakunitazama. Alisema tu, "Mkwe wangu, nilikwambia. Ghalani."

Na linalonikera zaidi ni hilo. Nilitaka awe amekosea.

Ukaniambia shirika letu lilikutafutia tiketi ya kuzungukia Ulaya, ukaenda ubalozini kwao kuomba ruhusa ya kupita, wakakunyima. Walikuuliza, tutajuaje kwamba hutabaki? Nilipolisikia hilo nikakaa chini palepale sakafuni posta. Abaki afanye nini, mtu ana mke, ana pacha, ana shamba la maharage? Tangu lini mtu wa Nyakitonto akitaka kuja Kasulu mjini, akaombe ruhusa kwanza kwa mwenyeji wa Dodoma?

Nimeuliza na njia ya chini. Kule kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu nina rafiki, Mama Furaha, Mkongomani, tunabadilishana naye ndizi kwa sabuni. Nikamuuliza kama mtu anaweza kuja kwa gari akikatiza kwao. Akanishika mkono. "Ma cherie, usimwambie apite kule. Kule ni vita. Atakufia mu njia." Kisha, unamjua ni mtu wa utani, akaniangalia akasema, "Lakini angalia hii dunia. Miye nilikuja na miguu, na watoto ku mgongo, na nimefika. Bwana yako ni mtu wa aviyo, wa ndege, na hajafika."

Tulicheka mpaka machozi. Yangu yaliendelea baada ya yeye kumaliza.

Wanao sasa wanajua kubishana. Ndege za misaada bado zinapita juu yetu kwenda Kibondo. Toyi akisikia mlio anakimbia uwanjani anapunga mkono, "Baba huyo!" Bukuru, kwa sababu ndiye aliyetangulia kutoka anajiona mzee, anamwambia, "Siyo baba. Baba hapandi ndege, anatengeneza." Toyi analia. Mimi namwambia Bukuru amwache mdogo wake, lakini moyoni najua aliyesema kweli ni nani. Unazitengeneza, wanapanda wengine.

Haya. Sasa lile swali lako. Mwisho wa simu ulisema wenyeji wako wamependa kazi yako, wanataka ubaki kwao uajiriwe, na ukaniuliza, "Wewe unasemaje?" Simu ikakatika kabla sijafungua mdomo. Nilibaki nimeshika kile chuma cha simu, watu wa nyuma wananiambia, mama, tupishe.

Nimelifikiria swali hilo nikipalilia, nikipika, nikiwanyoa watoto. Najua kwa nini uliuliza. Umechoka kuwa mzigo kwenye nyumba ya watu, na mikono yako haijazoea kukaa bure. Na kazi kule ni nzuri kuliko ya hapa, hilo hukulisema lakini nimelisikia kwenye sauti. Kaka zangu wanasema nikuruhusu, mwanaume hakatazwi kazi. Mchungaji anasema niombe. Nimeomba, na nilipomaliza kuomba jibu lilikuwa lilelile.

Usibaki.

Ukitia sahihi pale utakuwa umewapa wote nafuu. Wale wa nchi mbili zilizonyimana kutua watasema hakuna aliyeumia, fundi amepata kazi. Umoja hautasikitika tena. Ubalozi nao hautakuona mlangoni. Watu wote watapumzika kwa sababu wewe umekubali kwamba kwenu hakufikiki. Mimi sikubali. Sina elimu ya ndege, nimeishia darasa la saba, lakini kuna watu walinibeba nikiwa nakufa, na hawakuwa na waziri wala mkutano. Kwa hiyo najua inawezekana, na wasiniambie ni vigumu.

Rudi pale ubalozini. Vaa lile shati jeupe, nyoa ndevu, omba tena. Wakikunyima, kaa wiki, nenda tena. Na wakikuuliza lile swali lao, tutajuaje kwamba hutabaki, usikasirike, wajibu kwa upole kama ulivyomjibu baba yako. Waambie kwao kuzuri, hujakataa, Mungu awazidishie. Ila hutaki hata kushuka ngazi za ndege. Unapita tu. Unakwenda Kasulu.

Mkeo asiyekuruhusu kubaki,
Mama Bukuru na Toyi